Tuta Lisilo na Watu

Ijumaa, ndani ya basi la kutoka Malaz kwenda Olaya, mitaa ya jiji moja la Kiarabu, Wakenya wawili waliokaa kando yangu, dereva wa nyumbani na mlinzi, walikuwa wameinamia simu moja. Kwenye video, kimbunga cha Marekani kilikuwa kikisukuma bahari juu ya tuta la kuzuia maji hadi mjini.

“Tuta limefanya kazi,” alisema dereva. “Maji yamepita juu, lakini halijabomoka.”

“Maji yako sebuleni na bado unalisifu?” Mlinzi alijipiga goti. “Halas, basi, hilo limefeli!”

Mwanamke wa kiti cha mbele, mfanyakazi wa nyumbani aliyekuwa mapumzikoni, aligeuka akaiomba simu. Aliitazama video mpaka mwisho, akairudisha mwanzo.

“Mbona hakuna watu juu ya tuta?” aliuliza. “Kwetu Budalang'i mto ukifurika tunapanda hapo wote, na mbuzi na sufuria. Tunapika pamoja mpaka maji yashuke.”

“Lakini hiyo ni shida, dada,” alisema dereva.

“Shida kubwa. Mama amenipigia asubuhi, wako juu ya tuta tayari. Mahali pangu pa kulala amepewa shangazi.”

Akairudisha simu taratibu, kwa mikono miwili. Ubishi uliishia hapo.

Nilishuka Olaya peke yangu, nikiwa mkavu kabisa, nikiwaonea wivu watu waliofurikiwa.