Sindano ya Mwende na Swichi ya Ukutani

Mniwie radhi kwa kimya changu. Tulikuwa Kitui, matangani, kwa majuma mawili.

Leo nimemwita mfamasia wa mtaa wa Ngara mwizi, mbele ya wateja wake.

Binti yangu Mwende ana pumu na ukurutu. Hudungwa sindano kila baada ya majuma mawili.

Asubuhi tuliitoa ya leo kwenye jokofu. Dawa ambayo huwa angavu ilikuwa na ukungu.

Nilishuku mara moja. Ngara naijua kwa bidhaa bandia!

"Umetuuzia bandia," nilimwambia mfamasia tulipofika dukani.

Aliigeuza kwenye mwanga. "Mwalimu, hii ilitoka hapa ikiwa kwa barafu. Friji yako iko sawa?"

"Iko sawa kabisa. Tukisafiri huizima, na tukirudi huiwasha."

Wateja wakageuka kunitazama.

"Baba," Mwende akasema polepole, "uliizima na dawa yangu ndani?"

Mfamasia alikataa idungwe. Alimwonya Mwende asiache dawa yake ya kuvuta, kisha akampigia daktari.

Bado namshuku kidogo yule kijana mfamasia. Hata hivyo, nimemwomba radhi, na swichi ya friji nimeibandika plasta isizimwe tena.

Daktari akiamua Mwende atadungwa nyingine lini, nitawaandikia.

Nanyi mkisafiri, huzima friji?