Beseni la Mama Petero

Asifiwe Mungu, aliyenijalia kuyaandika haya nikiwa nimeketi, maana kuna siku sikuweza hata kugeuka.

Mimi ni polisi mstaafu na katekista wa kigango kimoja hapa Kyebando. Mke wangu ni marehemu. Kila Majilio, majuma ya kungoja Krismasi, nilikuwa natundika kitambaa cha zambarau altareni. Mwaka ule kigoda nilichosimamia kiliteleza, nikaanguka, nikasikia paja likivunjika kama muwa.

Hospitalini walinilaza chali, mguu umefungwa kamba yenye uzito ulioning'inia mwisho wa kitanda. "Usigeuke, Mzee, mfupa uunge," daktari alisema. Nimewahi kulinda mahabusu. Sasa mfungwa nilikuwa mimi.

Wodini, kuosha mgonjwa ni kazi ya ndugu zake. Mwanangu ni askari, yuko mbali mpakani. Alibaki mkewe, Mama Petero. Lakini kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawagusani, hata mkono hawapeani. Aliniwekea chakula, akarudi kusimama mlangoni. Mimi nililala katika jasho na mkojo hadi ngozi ya makalio ikaoza na usaha ukalowesha shuka.

Kwenye kitanda cha jirani alilala Mkongomani, muuza vitenge. "Mzee katekista," alinitania, "hii harufu si ubani." Nilicheka, kisha nikalia.

Daktari alikagua kidonda. "Kikifika mfupani, tutakupoteza. Nani anakuosha?"

Nilitazama mlangoni. Mama Petero alisikia.

Niliendelea kusali kama nilivyofundisha watoto: Njoo, Bwana. Nilitazamia padri na Ekaristi. Asubuhi iliyofuata akaingia Mama Petero na beseni la maji ya moto.

"Taata," aliniita, yaani baba, "nisamehe. Leo nakugusa."

"Hapana, mwanangu. Watu watasema nini?"

"Waseme! Petero akiniuliza babu yuko wapi, nimwambie ameuawa na aibu?"

Mkongomani akageukia ukuta. "Mimi silali," akasema, "lakini sioni kitu."

Muuguzi aliniinua kidogo. Nilijifunika uso kwa shuka. Mama Petero alilowesha kitambaa, akaanza kuniosha mgongo. Maji yalipofika kwenye kidonda nilipiga kelele, kisha nikatulia. Hapo nilijua kwamba Bwana niliyemwita amefika, na ananukia sabuni ya kufulia.

Aliniosha kila siku. Krismasi ilinikuta bado nimefungwa kamba, ila mkavu. Kidonda kilifunga polepole, mfupa ukaunga, nikatoka kwa magongo.

Nyumbani tumerudia desturi yetu. Ananisalimu kwa mbali, amepiga magoti. Lakini kila jioni nakuta beseni la maji ya moto mlangoni pangu, na kabla ya kuligusa nafanya ishara ya msalaba.

Ndugu mgonjwa, kubali kuoshwa. Nawe unayeuguza, Mungu aibariki mikono yako, na maji yako yasipoe.