Mjane Aliyekataa Uzi

Watu wa Matonge, mtaa wetu wahamiaji hapa Ubelgiji, wanasema chama cha wajane kilianzia katika saluni ya nywele, kwenye maduka ya Galerie d'Ixelles. Sivyo. Kilianzia Auderghem, sebuleni kwa kaka yangu Donat, wiki aliyofariki. Mimi ni dada yake mkubwa, na sipendi habari za ukoo wa Kalenga zisimuliwe na wasiokuwepo.

Mke wake, Lucienne, alisafisha ofisi huko Schuman. Kwa miaka kumi na tisa sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. Kwetu Katanga, mume akifa, ndugu yake humfunga mjane uzi mweupe mkononi, na mjane huwa mke wake. Hapa Ubelgiji tumeacha mengi, lakini uzi tumeubakiza. Mimi mwenyewe, pamoja na shahada yangu ya sheria, nilipofiwa nilifungwa uzi na shemeji yangu, nikavumilia miaka minne. Nilidhani Lucienne naye atavumilia. Uzi niliununua mimi.

Siku ile sebuleni, mdogo wetu Ngoy akanyoosha mkono wenye uzi.

"Bon, maman Lucienne, leta mukono. Batu banangojea kula."

"Bakule tu, tonton Ngoy. Mukono yangu haiko mu sahani."

Mtu akacheka nyuma. Ngoy hakucheka. "Donc unatukatala?"

"Ninakukatala weye. Donat nilimuchagua. Weye, nani alikuchagua?"

Nikaingilia kati. "Lucienne, ukikatala, hakuna Kalenga hata mumoja atamuzika Donat. Fikiria batoto."

Akanigeukia, akaniita kwa heshima ya dada mkubwa. "Yaya Nathalie, ile miaka ine yako, ulikuwa unalala usingizi?"

Nilichukua koti langu, na ukoo mzima ukanifuata nje.

Jumamosi, jeneza la Donat lilibebwa na wanawake sita, wasafishaji wenzake Lucienne na wasusi wa Matonge. Binti wa marehemu, Anaïs, mwenye miaka kumi na mitano, alitangulia na msalaba. Padri aliulizia familia ya marehemu. Akaambiwa ndiyo hii.

Tangu hapo, mjane akitishwa, wanawake hao huenda kuketi naye mpaka wakwe waondoke. Sasa wana chama na muhuri. Wengi wao wametengwa na koo zao, na Anaïs akikutana nami barabarani hunipita kama mgeni.

Mtaani anayelaumiwa kwa mazishi yale ni Ngoy. Ngoy alitaka kwenda. Aliyemkataza ni mimi.