Gauni Lililopunguzwa Mara Tatu

Wateja wake walimwita Dada Pindo, kwa kuwa hakuna nguo iliyotoka mikononi mwake ikiwa na pindo lililokwenda upande. Alishona katika chumba cha mbele cha nyumba ya shangazi yake, cherehani ikiwa karibu na dirisha ili apate mwanga. Wenzake wa rika moja walikuwa wameolewa zamani, na shangazi hakuchoka kumkumbusha.

"Harusi za watu utazishonea mpaka lini, mwanangu?"

Kwa hiyo fundi saa wa mtaa wa pili alipoleta posa, nyumba nzima ilichangamka. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye sauti ya chini, aliyefiwa na mke. Mke huyo, alieleza, aliondoka ghafla: asubuhi alikuwa mzima, jioni hayupo.

"Mchukue upesi, dada, kabla saa yake haijasimama!" alitania binti wa shangazi, msichana wa kicheko kikubwa.

Jambo moja tu lilimkera Dada Pindo. Kila mara mchumba alipokaribishwa chakula, aliisogeza kando sahani ya Dada Pindo kabla hajashiba, huku akitabasamu. "Inatosha, mpenzi."

Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. "Umepata mwanamume wa kukuangalia, unanuna! Mume wangu, Mungu amrehemu, hakujua hata kama nimekula."

Siku chache kabla ya kupewa jibu, mchumba alileta gauni jeupe la satini.

"Ni la marehemu. Alilivaa siku ya harusi yetu. Nataka ulivae wewe."

Dada Pindo alilipima kwa macho. "Kiuno kimebana mno. Nitakiachia kidogo."

"Usikiguse," alisema kwa upole. "Utakifikia mwenyewe."

Alipoondoka, Dada Pindo aliligeuza gauni nje ndani, kama alivyozoea kufanya kwa kila nguo aliyoletewa. Sindano ikipita kwenye satini huacha vitobo ambavyo pasi haivifuti. Safu ya kwanza ya vitobo kiunoni ilikuwa ya mwanamke mwenye mwili kama wake. Safu ya pili iliingia ndani. Ya tatu iliingia ndani zaidi. Na mshono uliolishikilia gauni sasa, ndani kuliko safu zote, ulikuwa wa mkono, umekwenda kombokombo, kama wa mtu ambaye vidole vilikuwa vikimtetemeka.

Gauni la harusi huvaliwa siku moja. Hili lilikuwa limevaliwa tena na tena, likipunguzwa kadiri mwili ulivyokuwa ukiisha ndani yake. Aliyelivaa hakufa ghafla. Dada Pindo aliiweka sindano chini.

Siku ya jibu, waliketi watatu chumba cha mbele: yeye, shangazi na mchumba. Gauni lilikuwa mapajani mwa Dada Pindo.

"Mkeo aliugua kwa muda gani?" aliuliza.

"Nani kakwambia aliugua?" Tabasamu lilibaki palepale.

"Basi kwa nini alikonda hivi?"

Mchumba alilitazama gauni, wala hakuonyesha kushangaa.

"Alikuwa msikivu," alisema.

Shangazi, ambaye tangu mwanzo alikuwa akimkanyaga mpwa wake chini ya meza ili anyamaze, aliuondoa mguu taratibu.

"Jibu langu ni hapana," alisema Dada Pindo.

Fundi saa hakubisha. Alisimama, akalipokea gauni, akalikunja kwa uangalifu, mkono juu ya mkono. Alikuwa amekwisha kugeukia mlango pale kicheko kilipolipuka kutoka jikoni. Alisimama akisikiliza.

"Na huyu binti wa jikoni, mama, ana mchumba?" aliuliza kwa adabu ileile.

"Hayupo," shangazi alidakia. "Amesafiri."

Jikoni kicheko kilisikika tena, kikubwa zaidi.

"Hakuna haraka," alisema fundi saa. Alivuta kiti, akaketi, gauni likiwa kwapani. "Nitamngoja."