Ukurasa Uliokataliwa Kaburini

Nilikuwa kidato cha pili nilipomuua baba yake nyanya yangu. Nilimuua kwa kitabu cha historia, mchana kweupe, nikiwa nimekaa kwenye kizingiti cha jiko huko Burumba, Busia, naye nyanya akimenya mihogo.

Kitabu kilikuwa cha shule. Tulikigawana wasichana watatu, na wiki hiyo ilikuwa zamu yangu kukipeleka nyumbani. Kukhu, maana ndivyo tunavyowaita nyanya zetu, hakujua kusoma, lakini alinawa mikono kabla ya kukishika. Akakifungua penye picha ya askari weusi waliosimama mstari mmoja, kofia zimelalia upande. Aliwatazama mmoja mmoja, kama mtu anayemtafuta mgeni wake kituoni.

"Hawa ni wa vita gani?"

"Vya pili, Kukhu. Vya Waingereza na Wajerumani."

"Basi ni vita vya baba. Soma pale wamemtaja."

Baba yake alichukuliwa wakati Kukhu alikuwa bado mtoto wa kuchunga ndama. Hakurudi, na habari haikuja. Kwetu, mtu akifia mbali na mwili wake usipatikane, familia hukata mgomba, huuvika shuka, na kuuzika kama anavyozikwa mtu, kwa nyimbo na machozi. Lakini huwezi kuuzika mgomba wa mtu ambaye hujaambiwa amekufa. Huko ni kumwitia mauti. Kwa hiyo mama yake Kukhu aliingoja habari hadi akafa akiingoja, na Kukhu akarithi kule kungoja kama wengine wanavyorithi shamba.

Niliutazama ukurasa. Palikuwa na jina la gavana na majina ya majenerali wawili. Sisi tulipewa mstari mmoja: kwamba Waafrika wengi walijiunga na jeshi kwa sababu walitaka mishahara na walitaka kuiona dunia. Katika kitabu kile, wenye majina walikuwa wenye kofia kubwa. Sisi tulikuwa "wengi".

Ningemwambia hivyo. Lakini alikuwa ameacha kumenya, kisu kimetulia gotini. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, na mlango wake wa kuingilia humo ulikuwa mimi tu. Nikasoma yasiyokuwemo. Nikasema kitabu kinawataja watu wa Busia waliovuka bahari, na kwamba mmoja wao alikuwa mrefu, mwenye pengo la meno ya chini, mwenye kuimba akitembea. Nikasema alifia nchi ya mbali na wenzake wakamzika kwa heshima.

Urefu, pengo na nyimbo nilivitoa katika hadithi zake mwenyewe. Kufa nilikuongeza mimi, kwa sababu nilidhani hadithi ni lazima iwe na mwisho.

Kukhu akaweka kisu chini. Hakulia. "Kumbe shule ilijua," alisema, "na sisi hatukuambiwa."

Kufikia Jumapili, wanawake wote wa kanisani walikuwa wamesikia. Kufikia Jumatano, kaka yake mkubwa alikuwa amevuka mpaka kutoka upande wa Uganda, alikooa na kukaa, akiwa na mkungu wa ndizi kwenye bodaboda na mzaha mdomoni.

"Dada, nasikia baba amepatikana kwa kitabu."

"Amepatikana."

"Haya basi! Kenya hata marehemu lazima awe na karatasi. Sisi kule mtu anakufa hivyo hivyo tu."

"Wewe cheka. Vitabu vyenu vilimtaja?"

"Vyetu vimejaa wafalme, dada. Baba alikuwa na ikulu gani?"

Kisha akavua kofia na kuketi. Walikubaliana mgomba uzikwe Jumamosi. Kukhu akaniomba nimchanie ule ukurasa, auweke juu ya kifua cha mgomba, ndani ya shuka. "Baba aende na barua yake," alisema. Nikauchana kwa kutumia rula, polepole.

Ijumaa alasiri mgomba ulikuwa umekatwa, umelazwa kwenye mkeka kivulini, maji yakichuruzika pale ulipokatwa. Babu, yule kaka yake, alikuwa akinoa jembe. Kukhu alikuwa akifua shuka jeupe kwenye karai, huku akiuzungumzisha mgomba kwa sauti ya chini: "Baba, sasa tumejua. Utatusamehe tulivyochelewa." Nilisikia hayo maneno, nikasogea hadi penye karai.

"Kukhu, yale sikuyasoma. Niliyasema tu."

Aliendelea kulikamua shuka. "Yapi?"

"Yote. Baba yako hayumo kitabuni."

"Na kufa kwake?"

"Nako hakumo."

Jembe liliacha kulia juu ya jiwe. Nilingoja kofi, na nadhani hadi leo ningependelea kofi. Kukhu aliketi chini pale pale penye maji, shuka likiwa mapajani, akaniambia nisome yaliyomo. Safari hii nikatafsiri neno kwa neno.

"Kuiona dunia?" Babu ndiye aliyesema kwanza. "Baba alikamatwa sokoni na askari wa chifu. Mimi nilikuwa naye."

"Na mbuzi," Kukhu alisema.

"Na mbuzi. Alikuwa na mimba, tunampeleka nyumbani azae. Wakamvuta baba kwa shati. Akanipa kamba mkononi, akaniambia, usiikaze, itamkaba." Aliutazama mkono wake. "Hilo tu. Hakusema lingine."

Kukhu alinyoosha mkono nikampa ukurasa. Aliuangalia upande mmoja, akaugeuza, akanirudishia.

"Hii haiingii kwa kaburi la baba. Alale na uongo kifuani? Na ule wako pia hauingii." Halafu akaongeza: "Miaka yote hii nilikuwa nikingoja karatasi kutoka kwa watu walioandika hivi."

"Basi tusizike?" Babu aliuliza. "Maana hatujaambiwa amekufa."

"Angekuwa na miaka mingapi leo, kaka?"

Babu alihesabu kwa vidole, akaacha katikati. "Hayuko hai, dada."

"Basi tumeambiana. Kesho tunazika."

Jumamosi Babu aliuzungushia mgomba kamba mpya ya mkonge, juu ya shuka, bila kuikaza. Kisha, mbele ya watu wote, akaeleza ya sokoni. Hakutia bahari wala heshima za kijeshi. Alipofika pale pa kupewa kamba, wanaume niliowajua kwa ukali wao wakainamisha vichwa. Nilisimama nyuma nikiwa na ukurasa ndani ya sidiria, umelowa jasho, nikielewa kwamba nilikuwa nimemnyang'anya baba yao kifo chake halisi na kumpa kizuri zaidi.

Niliugundisha ukurasa kitabuni kwa uji mzito wa muhogo. Ulikaa upande. Pembeni nikaandika kwa kalamu ya wino: mmoja alikamatwa sokoni akiwa ameshika kamba ya mbuzi.

Mwalimu aliuona wiki iliyofuata. "Nani ameharibu kitabu cha serikali?"

Nikasimama.

"Na hii umeitoa wapi?"

"Nyumbani, mwalimu."

"Mtihani unatungwa nyumbani kwenu?"

Darasa likacheka, mimi pia nikacheka kidogo ili yaishe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na silabasi ya kumaliza. Mtihani wa mwisho wa muhula ulipouliza kwa nini Waafrika walijiunga na vita vile, niliandika: mishahara, na kuiona dunia. Nilipata alama zote. Mpaka sasa, ninapotunga hadithi na watu wakazisifu, alama zile hunirudia na kunichoma.

Kukhu aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Alinipenda, alinipikia, alinifunika vitenge vyake nilipougua malaria. Lakini hakuniomba tena nimsomee kitu. Barua za hospitali alizipeleka kwa jirani. Biblia alisomewa na binamu yangu mdogo, aliyekwama kila baada ya maneno matatu, na Kukhu akamngoja kwa subira.

Mgomba huoza upesi kuliko mtu. Mvua za kwanza zilipopita, kaburi lilibonyea katikati kama kitanda kilicholaliwa. Kukhu alinipa karai, akanionyesha kichuguu cha kuchimba udongo. Nilibeba mara nyingi, nikamwaga, nikasawazisha kwa viganja, naye akasimama kando muda wote, akihakikisha kwamba ninajaza kweli.