Yai la Mwaka Jana

Kaliopi Zervou alikuwa mtu wa kutaka kujua. Gari la kuhamisha vyombo likisimama mbele ya nyumba yoyote mtaani kwao Thomastown, kati ya Wagiriki waliohamia kusini ya dunia, yeye ndiye wa kwanza kukumbuka kwamba majani yaliyopukutika nje ya uzio wake hayajafagiliwa. Alitoka na reki, akakwangua majani yale yale nusu saa nzima, na aliporudi ndani alikuwa anajua waliohamia wana watoto wangapi, wametokea wapi, na kama friji yao ni mpya au ya kurithi. Wenye midomo walimwita mbea. Mbea husambaza, Kaliopi alikuwa anakusanya tu, na alichokusanya alikaa nacho.

Jambo moja lilikuwa limemshinda tangu utotoni. Kila Alhamisi Kuu, yai la kwanza kutoka kwenye sufuria ya rangi nyekundu ni la Mama wa Mungu. Haliliwi, haligongwi. Linawekwa mbele ya picha yake takatifu na kukaa hapo mwaka mzima likilinda nyumba, mpaka Alhamisi Kuu nyingine, ambapo jipya linachukua nafasi na la zamani linazikwa bustanini likiwa zima. Mama yake alimwambia yai hilo haliozi. Kaliopi, akiwa na miaka saba, aliuliza nani aliyelipasua akaona. Alichapwa kofi, na swali likabaki pale pale.

Alipoolewa na Sotiris alimuuliza na yeye.

"Zika, mke wangu," Sotiris alimwambia, "kabla Mama wa Mungu hajatufukuza nyumba."

Basi akawa anazika. Mayai arobaini na moja aliyafukia chini ya mzeituni wa nyuma ya nyumba, na kila moja, kabla ya kulitia shimoni, alilitikisa kidogo karibu na sikio. Kitu kidogo kigumu kilibingirika ndani. Hakuwahi kujua ni nini.

Mwaka wa arobaini na mbili ulikuwa tofauti. Pasaka iliyotangulia, Kaliopi alikuwa amevunjika kifundo cha mkono, hivyo Sotiris ndiye aliyepika rangi. Alichovya mayai yote peke yake, akaenda kanisani Ijumaa Kuu kucha zikiwa nyekundu kama za bibi harusi aliyepakwa hina, na wazee wenzake wakamcheka mpaka padri akageuka. Yai la mbele ya picha alilitoa yeye kwenye sufuria, akaliweka yeye. Agosti, katikati ya baridi, moyo wake ukasimama akiwa anafunga kamba za viatu.

Alhamisi Kuu ilipofika tena, Mei mwanzoni, mwezi mzima baada ya wenyeji wasio Waorthodoksi kumaliza Pasaka yao ya chokoleti, Kaliopi alichovya mayai arobaini. Ilibidi anunue, maana kuku wake walikuwa wananyonyoka manyoya kama kawaida yao majira hayo, na kuku anayenyonyoka hatagi. La kwanza aliliweka mbele ya picha. La zamani akalichukua, akatoka na kijembe mpaka chini ya mzeituni, akachimba shimo. Kuku wakamtazama, nusu uchi, wakisubiri mnyoo.

Aliinama kulitia yai, akainuka nalo. Agosti alikwisha kumzika Sotiris. Kumzika tena Mei hakuweza.

Akafukia shimo tupu, akarudi ndani, akalifunga yai kwenye kitambaa na kulisukuma kabatini nyuma ya kopo la kahawa. Alijiambia atalizika kesho. Kesho ikapita, na keshokutwa nayo.

Jumapili ya Pasaka watu kumi na wanne walikuwa uani. Glen, mkwe wake, alikuwa ameamka saa kumi na mbili kuwasha mkaa, na tangu hapo alikuwa anamzungusha mwanakondoo kwenye chuma chake kirefu bila kucheka na mtu. Hakuzaliwa Mgiriki, na kazi hiyo aliipata baada ya baba mkwe kufariki. Alikuwa anaogopa kuiharibu.

"Mama, usimguse," Glen alimwambia Kaliopi alipokaribia.

"Simgusi. Namwangalia tu."

"Unamwangalia kwa uma?"

"Upande huu bado mbichi, mwanangu."

"Upande huo ndio kwanza umefika juu!"

Kaliopi alicheka, akaingia jikoni kutafuta kahawa. Akafungua kabati, akasogeza kopo. Kitambaa kilikuwa pale, kimekunjwa vizuri pembe nne. Ndani hamkuwa na kitu.

Akili yake ilikwenda moja kwa moja kwa wifi yake. Marigo, dada mdogo wa Sotiris, alikuwa mwanamke wa kuingia jikoni kwa watu kama bwana afya. Jumamosi nzima alishinda hapo akisugua, akipanga upya vijiko, na kuyapaka mayai mafuta ya zeituni yapate kung'aa. Sasa alikuwa anakata matango.

"Wifi," Kaliopi alisema, akijitahidi sauti isimsaliti, "huku nyuma ya kahawa palikuwa na kitu."

"Palikuwa na yai. Unazeeka, wifi yangu. Mayai siku hizi unayaficha na kahawa? Nimelipaka mafuta nikalitia bakulini na wenzake."

"Bakulini."

"Ulitaka niliweke wapi, kwenye pochi?"

Kaliopi alifunga kabati. Angesema nini? Marigo ndiye aliyemnunia binamu yao miaka mitatu kwa kula kipande cha jibini Ijumaa Kuu. Kumwambia kwamba yai la Mama wa Mungu limelala kabatini siku tatu badala ya kuzikwa, ilikuwa sawa na kujipeleka mahakamani kwa miguu yake. Na hata angekubali kusemwa, ingebidi aeleze kwa nini. Hilo ndilo hakutaka kulitamka mbele ya mtu.

Akatoka mbio. Bakuli lilikuwa katikati ya meza chini ya mzabibu uliokuwa umebaki na majani machache ya njano, na mayai yote yalikuwa mekundu, yote yanameremeta. Yai lililokauka mwaka mzima lazima liwe jepesi, aliwaza. Akanyoosha mkono.

"Mikono!" binti yake Evgenia, mke wa Glen, alipiga kelele kutoka mwisho wa meza. "Jamani, mama anapima!"

"Sipimi!"

"Unapima! Mkono huo wa nini? Sheria ni sheria, mama!"

Sheria hiyo ilimhusu Sotiris. Kwa miaka kumi na moja mfululizo hakuna aliyemshinda kugonga mayai, ncha kwa ncha, ambapo mwenye yai linalopasuka ndiye ameshindwa, kwa sababu alikuwa akiyagongesha kwanza kwenye meno yake ya mbele, moja moja, akisikiliza lipi gumu. Halafu mwaka mmoja akagundulika ameleta yai la kanga, gumu kama jiwe, amelipaka rangi. Tangu siku hiyo wakakubaliana: unachagua kwa macho, ukishagusa umechagua, na mwenye nyumba anachagua mwisho kabisa.

Kaliopi akaketi, akarudisha mkono mapajani. Hakubakiwa na la kufanya ila kutazama.

Wakaanza. "Kristo amefufuka!" "Hakika amefufuka!" Kila yai lilipogongwa, alishika pumzi akisubiri harufu. Kila lilipopasuka na kuonyesha weupe wake, alishusha pumzi, na pumzi hiyo, kusema kweli, haikuwa ya nafuu tupu. Ilimuuma kulijua hilo. Yai la mwisho aliloshika mume wake lilikuwa hatarini, na kwenye pembe fulani ya moyo wake mtoto wa miaka saba alikuwa amesimama kwa vidole vya miguu anataka lipasuke aone.

Glen aliacha chuma chake kwa dakika moja, akachagua, yai lake likapasuliwa na la mke wake mara ya kwanza tu.

"Ndiyo maana wanakuweka kwenye mkaa," Evgenia alimwambia.

"Yai langu lilikuwa na ufa!"

"Lilikuwa na Glen."

Wakacheka wote. Kaliopi hakusikia kitu, maana zamu ilikuwa ya Marigo.

Marigo alitia mkono bakulini bila kufikiri sana, akatoa yai. Mkono ukapanda haraka kuliko alivyokusudia, kama unavyonyanyua birika ukidhani limejaa kumbe halina maji. Akalitazama. Halafu, mbele ya familia nzima, akalipeleka sikioni na kulitikisa.

"Shangazi na wewe! Sasa tunapima kwa masikio?"

Marigo alishusha mkono. Aliliweka yai kwenye aproni yake, akainuka.

"Wifi," alisema, "njoo unionyeshe chumvi iko wapi."

Chumvi ilikuwa mezani. Kaliopi alimfuata.

Jikoni Marigo alifunga mlango kwa mgongo.

"Hili ni la mwaka jana."

"Ndiyo."

"Alilochovya yeye."

"Ndiyo. Nisikilize, Marigo, nilichimba shimo, haki ya Mungu nilichimba, mkono tu ukakataa. Ningelizika. Niseme unavyotaka lakini usinisemee mbele ya watoto."

"Nani anakusema?" Sauti ya Marigo ilikuwa imeshuka. "Nimekuuliza habari ya kuzika? Makoti yake umepeleka kanisani. Vifaa vyake vya useremala umempa Glen, asiyejua bisibisi inashikwa upande gani. Redio umempa jirani. Na hiki kilichobaki umekificha kabatini, ukae nacho peke yako."

"Hukuomba kitu."

"Hukuniuliza! Unamuuliza mtu wa posta mkewe amejifungua nini. Unamuuliza yule mama wa nyumba ya kona figo zake zinaendeleaje. Miezi tisa, Kaliopi. Kaka yangu alinibeba mgongoni kwenda shule. Miezi tisa hujaniuliza mimi naendeleaje."

Kaliopi alipekua miezi yote tisa kichwani mwake, chakula cha arobaini, simu za Jumapili, siku ile Marigo alipokuja kumsaidia kukunja mashati, akitafuta hata mara moja. Marigo alikuwa amekunja mashati yote kumi na mawili na kuyapiga pasi, na Kaliopi aliyapeleka kanisani kesho yake. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Unaendeleaje?" aliuliza.

"Vibaya," alisema Marigo, na uso ukamvunjika.

Walishikana pale karibu na jiko, yai likiwa katikati yao kwenye aproni, kila mmoja akijizuia asilibane. Nje watu walikuwa wanaimba "chumvi, chumvi" na kupiga meza kwa uma.

Walipoachana, Kaliopi alilichukua yai. Alilitikisa mara moja karibu na sikio, akasikia kile kitu kidogo kikibingirika. Kisha akachukua kitambaa kile kile, akalifunga, akalitia mkononi mwa wifi yake na kuvikunja vidole vyake juu yake.

"Chukua."

"Na kuzika?"

"Mwakani utaleta, tutazika mawili. Mama wa Mungu ana mambo mengi, hatatuhesabia."

Marigo alilitia kwenye pochi, kati ya miwani na pipi za kikohozi. Wakatoka, na Marigo akachagua yai jingine na kuwapiga watu sita, mpaka Evgenia akadai damu ya familia hiyo yote ni ya wezi. Nyama ilikuwa imekauka upande mmoja. Kaliopi alikula upande huo na kumwambia Glen kwamba baba mkwe wake hakuwahi kuchoma vizuri vile. Ulikuwa uongo, na Glen alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Saa kumi na moja jua lilikuwa limeshachoka. Kaliopi alimsindikiza wifi yake mpaka kwenye gari, majani yakichakarika chini ya viatu vyao. Marigo akafunga mkanda, pochi ameipakata. Akashusha kioo.

"Nikuambie kitu, wifi? Tangu nina miaka sita nataka kujua humu ndani kuna nini. Sotiris alikuwa ananiambia kuna kifaranga kimelala."

Kaliopi alimtazama mwanamke huyo wa sheria na mifungo, ambaye amemjua miaka arobaini na miwili.

"Usilipasue," alisema.

"Silipasui."

Gari likawaka, likaanza kurudi nyuma taratibu. Kaliopi alipiga hatua mbili kulifuata, akagonga mlango.

"Marigo! Usilipasue bila mimi."