Ndege ya Tanga kwenda Unguja

Miaka ile biashara ilipofunguliwa na maduka ya Lushoto yakaanza kujaa vitu tusivyovizoea, mume wangu aliacha kulima kabichi Gare akawa mfanyabiashara. Alienda Unguja kuchukua vitenge na redio, mimi nikauza kwenye kibanda chetu sokoni. "Napandia ndege Tanga," aliwaambia kaka zake, nao wakamtazama kama mtu aliyetoka Ulaya.

Sikuwa na wasiwasi mpaka mama mmoja wa Tanga, aliyekuja kununua mboga, aliponisimulia habari za ndege hiyo. "Hujakaa hata vizuri, unaambiwa mnashuka. Saa nzima haiishi."

Mume wangu alikuwa akipotea karibu wiki, akirudi anasema kuruka mpaka Unguja kunachosha, ni mbali. Jioni ile nikamuuliza, "Baba watoto, hivi ndege inachukua muda gani?"

Akaacha kula. "Inategemea upepo."

Upepo! Tangu hapo nikawa nanusa mashati yake kabla ya kuyafua. Yalinuka dizeli, nikajiuliza ni mwanamke gani huyo anayeishi jirani na gereji.

Safari iliyofuata alipoondoka na basi la alfajiri, nikawapeleka watoto kwa mama mkwe. "Shikamoo mama. Naenda Korogwe kumwona mgonjwa." Aliitikia akinitazama sana, lakini hakuuliza. Nikapanda basi la pili mpaka Tanga, nikaenda moja kwa moja uwanja wa ndege.

Nilimkuta kwenye benchi, begi mapajani. Nikajitanda khanga mpaka puani, nikakaa nyuma ya watu na kuwakagua wanawake wote mmoja mmoja. Abiria walipoitwa akasimama, tiketi mkononi. Alipofika mlangoni akajivuta pembeni, akawapisha wenzake, kisha akarudi kukaa. Ndege ikanguruma, ikaondoka. Yeye anajifuta jasho.

"Sasa unamsubiri nani?" nikamuuliza.

Aliruka. "Umefuata nini huku?"

"Nimemfuata huyo mwanamke wako."

"Mwanamke gani? Mama watoto, naogopa ndege. Kila safari najiambia leo napanda, miguu inakataa."

Akaniambia yote pale pale. Akishindwa kupanda, hushika basi mpaka Dar es Salaam, halafu boti ya mizigo, akilala karibu na injini. Kwa kaka zake alishajisifu, angeanzia wapi kukanusha?

Nilimwamini nusu. "Basi kesho tunapanda wote," nikasema.

Tulilala kwa shangazi yake. Kesho yake ndege ilipoinuka alinishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi, macho kayafumba, anasoma dua. Hata hajaimaliza tukaanza kushuka. Magurudumu yalipogusa chini akafumbua jicho moja.

"Tumefika?"

"Tumefika."

Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Kwenye nyumba ya wageni, mwenye nyumba, mwanamke mnene mwenye hina mpaka viwikoni, alimpokea kwa jina lake na kumuuliza kama anataka chumba chake cha siku zote. Nilimwangalia juu mpaka chini. Mume wangu naye akanitambulisha upesi, upesi kidogo kuliko nilivyopenda.

Baada ya hapo sikumwachia safari hata moja. Aliwaambia watu kwamba mkewe ndiye anayempa moyo angani, wakanisifu. Niliitikia asante.